Dereva wa Njia ya Kikatiti

Ndeshi alikuwa anachambua mchele mumewe alipomwambia kwamba Alhamisi atakwenda Sekei peke yake.

"Peke yako na nani?" akauliza.

"Na fimbo yangu," Lomayani akajibu. "Kuna mwalimu kule anafundisha wasioona kutumia simu zinazosema. Watu wa kanisani wameniandikisha."

"Basi nitakupeleka."

"Mama Naisiae, nimebeba abiria miaka kumi na tisa. Leo nishindwe kuwa abiria?"

Ndeshi akarudi kwenye mchele wake, lakini hakuona tena jiwe wala punje. Tangu macho ya mumewe yafunge kabisa, miezi minane sasa, hajapata kuvuka hata ile barabara ya vumbi iliyo mbele ya nyumba yao bila kushikwa mkono. Na Sombetini ya leo si ile waliyohamia. Walikopita ng'ombe wa watu sasa zinapita bodaboda mbilimbili, bajaji zinachomoza vichochoroni bila honi, na kituo unachokijua wiki hii, wiki ijayo utaambiwa kimehamishiwa ng'ambo. Wenye macho mawili walikuwa wanakoswakoswa, sembuse yeye.

Akakubali kwa mdomo. Moyoni alikwisha kuamua kumfuata.

Alhamisi ilipofika, alijitayarisha kama mwizi. Alijua Lomayani anamtambua kwa mlio wa ndala zake, kwa mafuta anayojipaka, hata kwa namna anavyovuta pumzi akipanda ngazi. Kwa hiyo alivaa raba za Naisiae, binti yao aliyekuwa chuoni Dodoma, akaacha kujipaka chochote, akajifunga kanga iliyokaa sandukuni miaka mingi. Saa tatu asubuhi Lomayani aliaga. Ndeshi akasema, "Mungu akutangulie," akangoja mlio wa fimbo ufike kwenye kona, ndipo naye akatoka.

Mumewe alipanda bajaji. Ndeshi akasimamisha bodaboda.

"Ifuate ile. Usiipite."

Dereva wa bodaboda akacheka. "Mama, mzee anakutoroka nini?"

"Wewe nenda tu."

Njia nzima hakuondoa macho kwenye kisogo cha mumewe. Kila bajaji ile ilipojipenyeza kati ya lori na gari dogo, Ndeshi alikaza magoti hadi dereva wake akalalamika. Walipofika stendini hali ikawa mbaya zaidi. Lomayani alishuka, akasimama katikati ya kelele, fimbo mbele, uso umeinuka kidogo kama mtu anayenusa mvua. Wapiga debe wakamrukia. Mmoja alimvuta mkono wa kulia, mwingine wa kushoto. "Mzee Moshi? Mzee Usa? Ngaramtoni, wawili bado!" Nyuma yake Coaster ikaanza kurudi nyuma taratibu, na hakuna aliyekuwa anaiangalia.

Ndeshi alifungua mdomo apige kelele. Kabla sauti haijatoka, mama mmoja aliyekuwa anauza parachichi alimdaka Lomayani kiunoni akamvuta pembeni, na Coaster ikapita pale alipokuwa amesimama.

"Mzee wangu, unataka kufa? Unakwenda wapi?"

"Ahsante, mama. Nionyeshe gari la Kikatiti."

Ndeshi alidhani amesikia vibaya. Alikuwa hatua nne tu kutoka pale, mgongo ameugeuza, anajifanya anachagua parachichi.

"Kikatiti?" mama akauliza.

"Ndiyo. Linalofika kabisa, si la kuishia Usa."

Sekei ilikuwa palepale mjini; Kikatiti ni mbali nje ya mji, kwenye njia ya Moshi. Na jina la Kikatiti lilikuwa halijatajwa ndani ya nyumba yao kwa mwaka mzima na zaidi.

Angeweza kumshika mkono palepale na kumrudisha nyumbani. Alihesabu hata hatua. Lakini akimshika itabidi amuulize anakwenda kufanya nini huko, naye atajibu, na jibu lenyewe Ndeshi alikuwa analijua. Akaona afadhali kufuata. Lomayani alipandishwa kwenye Hiace, zile ambazo watu wa Arusha huziita vifodi, akapewa kiti cha mbele kando ya dereva. Ndeshi akapanda mwisho, akaketi nyuma kabisa kwenye kona.

Gari lilipoingia barabara kuu ya Moshi, kondakta alianza kukusanya nauli. Alipofika nyuma akamnyooshea mkono. "Mama, wapi?"

Ndeshi akampa noti bila neno.

"Unashukia wapi, mama?"

Akaonyesha mbele kwa kidole.

"Mbele ndiyo wapi? Tengeru? Usa? Maji ya Chai?" Kondakta akapaza sauti. "Mama hasemi huyu!"

Watu wakageuka. Kule mbele Lomayani naye akageuza kichwa kidogo, sikio likielekea nyuma. Msichana aliyeketi kando ya Ndeshi akamhurumia, akamnong'oneza, "Kikatiti?" Ndeshi akaitikia kwa kichwa. "Anashuka Kikatiti," msichana akasema, na kondakta akaenda zake.

Kwa muda mrefu Ndeshi hakuinua uso. Alikuwa anakumbuka siku ya daktari, kama miaka miwili iliyopita. Daktari alikuwa kijana mpole, aliwaita wote wawili, mke na mume, akawaambia ni presha ya macho. "Mzee, wewe unaona mbele tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Pembeni huoni kitu, ila ubongo unakudanganya kwamba unaona. Usiendeshe tena. Hasa gari la abiria." Nje ya geti Lomayani alisema, "Basi kesho nirudishe funguo kwa mwenye gari." Na Ndeshi ndiye aliyemjibu. Nyumba yao ilikuwa kuta tupu wakati ule, masika yanakuja. Alimwambia, "Malizia paa kwanza, Baba Naisiae. Miezi michache tu. Njia hii unaijua hata ukifumba macho."

Ndivyo alivyosema. Hata ukifumba macho.

Paa lilikuwa limebaki upande mmoja, Juni ile, asubuhi ya ukungu, Lomayani alipomgonga mama mmoja pale Kikatiti. Mama alikuwa upande wa kushoto wa barabara na ndoo yake ya maziwa. Askari walikuja wakapima. Abiria waliokuwa wanasinzia walisema mama aliingia barabarani ghafla. Lomayani naye akasema hivyohivyo: aliruka ghafla. Ikaandikwa kwamba kosa ni la mtembea kwa miguu, na jambo likaishia hapo. Mama yule aliitwa Anande. Alivunjika nyonga na mguu. Lomayani alikwenda kumwona hospitalini mara moja, na kilo mbili za sukari. Wiki sita baadaye bati la mwisho lilipigiliwa, akarudisha funguo, akawaambia watu macho yameanza kumsumbua.

"Tumefika Ngulelo sasa," sauti ya Lomayani ilisikika mbele, ikimwambia dereva. "Hapa punguza, kuna tuta."

Dereva akacheka kwa adabu. "Mzee, tumeshapita Tengeru. Na tuta hilo lilitolewa walipopanua barabara."

Baada ya muda Lomayani akajaribu tena. "Huu mteremko ni wa Usa."

"Bado kidogo, mzee."

Ndeshi alimwona akishika dashibodi kwa mkono mmoja, kisha kwa miwili. Barabara aliyoijua kama kiganja chake ilikuwa imenyooshwa na kupanuliwa tangu aiache. Maghala na vituo vya mafuta vimeota palipokuwa na mashamba ya kahawa, magari yamekuwa mengi maradufu, na hakuna sauti hata moja iliyomwambia yuko wapi. Ule ushujaa wa asubuhi ulikuwa umemwisha. Alikaa kama mtoto aliyepandishwa gari na wageni. Mkewe alikuwa viti vinne nyuma yake na hakuweza hata kumwambia, nipo.

Walipofika Kikatiti, Lomayani alishushwa kando ya lami. Ndeshi alishuka nyuma ya mama mwenye kuku, akasimama penye kivuli cha duka la mbolea. Lomayani aliwauliza vijana wa bodaboda nyumbani kwa Anande, yule mama aliyegongwa na gari.

"Mama wa mguu? Twende nikupeleke, mzee, si mbali."

Kwa kuwa si mbali, Ndeshi alifuata kwa miguu, akiangalia vumbi la pikipiki. Njia ilipita kati ya mahindi na alizeti, na Mlima Meru ulikuwa umejifunika wingu hadi kiunoni. Alitembea haraka, akasimama, akatembea tena. Mara tatu aligeuka kuelekea barabarani. Aliwaza polisi, akawaza Naisiae chuoni akipigiwa simu na watu, akawaza majirani wakinyoosha kidole kwenye lile paa. Mara ya tatu alipogeuka aliona kifodi kinachorudi Arusha kimesimama, mlango wazi, kina nafasi. Kikangoja, kikangoja. Kilipoondoka alikuwa bado amesimama palepale. Ndipo akaendelea.

Nyumba ilikuwa na ua wa michongoma. Bodaboda alikuwa amekwisha ondoka. Ndeshi akachutama nyuma ya ua, mahali palipokuwa na upenyo, akaona.

Anande alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, ameketi kwenye kiti cha plastiki, mguu mmoja ameunyoosha mbele kama mti uliokauka, gongo limeegemea ukuta. Kando yake bibi mmoja, mama wa mumewe, alikuwa anapukuchua mahindi. Lomayani alikuwa amepewa kigoda.

"Shikamoo, bibi," alikuwa anasema.

"Marahaba. Macho yamekuwaje, mwanangu?"

"Ndiyo yaliyonileta, bibi." Akageuza uso alikodhani Anande yupo, akakosea kidogo, akawa anazungumza na ukuta. "Mama, mimi ni Lomayani. Dereva aliyekugonga."

Mikono ya bibi ikasimama juu ya gunzi.

"Nilikwambia hospitalini kwamba uliruka ghafla. Polisi nao niliwaambia hivyo. Si kweli. Nilikuwa siwezi kuona pembeni. Daktari alikuwa ameshanikataza kuendesha, miezi mitatu kabla. Nikaendelea."

"Uliniona?" Anande akauliza. Sauti ilikuwa ndogo sana.

"Sikukuona kabisa. Nilisikia tu."

Bibi akamwaga mahindi chini, asijue kama anayamwaga. Anande alikuwa anamkazia macho mtu yule asiyeweza kuyaona.

"Unajua nimeishi vipi?" akasema. "Mume wangu aliniambia nilitaka kumwachia watoto yatima kwa uzembe. Huyu mama hapa, mbele ya wageni, ananiita kuku wa barabarani. Na mimi mwenyewe nikaamini. Kila nikilala najaribu kukumbuka: nilikuwa nimesimama, au niliingia? Nakumbuka nimesimama. Lakini watu wote waliokuwa ndani ya gari wanasema niliingia, na dereva mwenyewe amekuja na sukari ananiambia niliingia. Nikasema basi, kichwa changu ndicho kibovu. Binti yangu hajavuka ile barabara na mimi tangu siku ile. Namwambia aende na jirani, kwa sababu mimi sijui kuvuka."

Lomayani aliinamisha kichwa.

"Nani mwingine alijua?" Anande akauliza. "Kwamba huoni?"

Nyuma ya michongoma, Ndeshi aliinama zaidi.

Lomayani hakuchelewa hata kidogo. "Hakuna mtu. Ni mimi peke yangu."

"Mkeo?"

"Hakujua. Nilimficha."

Ndeshi angeweza kuondoka hapo. Hakuna aliyemwona, na jibu lilikuwa limekwisha kutolewa na mtu ambaye hakuna wa kumbishia. Angefika nyumbani kabla yake, avue zile raba, awashe jiko, na mumewe akirudi amuulize habari za Sekei. Aliyaona yote hayo kwa mpangilio, hadi chai. Kisha akajikuta anasimama. Miba ikamshika kanga, akaiacha ichanike, akazunguka ua akaingia.

"Mimi nilijua," akasema.

Lomayani alishtuka akainuka, kigoda kikaanguka. "Mama Naisiae?"

"Nilikuwepo kwa daktari, dada yangu." Ndeshi hakumjibu mumewe. Alikuwa anamtazama Anande. "Huyu alitaka kuacha kazi siku ileile. Mimi ndiye niliyemwambia aendelee mpaka tumalize paa. Maneno yalikuwa yangu."

"Nyamaza, mama," Lomayani akasema. "Nimeshasema yote."

"Hujasema yote."

Bibi akaanza kulia bila sauti, kitambaa mdomoni, na haikujulikana analilia nini. Anande alichukua gongo lake akajiinua. Ilimchukua muda. Ndeshi alinyoosha mkono kumsaidia, akaurudisha haraka alipoona anavyotazamwa. Waliposimama uso kwa uso, Ndeshi alidhani atapigwa kofi, na alitamani apigwe.

"Sitawaambia nimesamehe," Anande akasema. "Sijui. Msiniulize leo. Ila Jumamosi mume wangu atakuwepo, na nitamwita mwenyekiti wa kijiji. Mje mrudie maneno haya, wote wawili. Na yaandikwe."

"Tutakuja," Lomayani akasema.

"Na yakiandikwa yataenda polisi. Mnajua?"

"Tunajua," Ndeshi akasema.

Walirudi barabarani wakiwa wameshikana mkono. Karibu na lami Lomayani akauliza, "Ulinifuata tangu wapi?"

"Tangu nyumbani."

"Ndiye wewe mama asiyesema?"

"Ndiye mimi."

Akatikisa kichwa. "Nilidanganya kuhusu Sekei kwa sababu ningekwambia, ungenizuia."

"Ningekuzuia," Ndeshi akasema. "Kweli ningekuzuia."

Siku moja na nusu ile kabla ya Jumamosi ilikuwa ndefu kuliko miezi minane yote ya upofu. Ndeshi hakula. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo nje aliidhania ya polisi. Ijumaa Lomayani alimpigia simu Naisiae akamweleza yote, na baada ya kukata alikaa na ile simu mapajani muda mrefu. "Amesema nini?" Ndeshi akauliza. "Ameuliza kama wewe umekula," akajibu.

Jumamosi walikwenda. Mbele ya mwenyekiti, mtendaji wa kijiji na watu kama ishirini waliosimama ukutani, Lomayani alisema, na Ndeshi akasema. Mume wa Anande, mtu mrefu mkimya, alisikiliza akiwa ameegemea nguzo. Walipomaliza alimwendea mkewe, akachuchumaa mbele ya ule mguu, akakaa hivyo huku watu wote wanaangalia pembeni. Bibi ndiye aliyepaza sauti, akawaambia waliokuwepo, kwa Kimeru na tena kwa Kiswahili ili dereva naye asikie, kwamba mkwe wake alikuwa amesimama pembeni ya barabara, na yeyote atakayesema vingine atakutana na yeye.

Polisi waliwaita baada ya wiki tatu. Kesi ilisomwa mara nne, na kila mara Ndeshi alifungasha begi dogo la nguo za mumewe, sweta juu kabisa, maana alisikia mahabusu kuna baridi. Mwishowe hakimu alisema kuwa mtu aliyekuja mwenyewe hawezi kuhukumiwa sawa na aliyekamatwa, akampa Lomayani kifungo cha nje cha miezi sita na kumfungia leseni ambayo hakuwa na haja nayo tena. Ndeshi hakushtakiwa kwa lolote. Jambo hilo lilimsumbua kuliko kama angeshtakiwa. Kumbukumbu za ajali zilisahihishwa, na Anande akaanza kufuatilia madai ya bima aliyokuwa amenyimwa. Siku ya hukumu alikuja, akaketi benchi la mbele. Walipotoka aliwapita mlangoni, akasema, "Safari njema," akaendelea na gongo lake. Wao hawakudai zaidi.

Lomayani sasa anakwenda Sekei kweli, kila Alhamisi, na simu yake inasema. Anajifunza vituo vipya kimoja kimoja, na vikihamishwa anajifunza tena.

Ndeshi ndiye aliyebaki na woga. Hawezi kupanda gari la abiria akaketi tu kama watu wengine. Lazima kwanza azunguke mbele, asimame upande wa kushoto, kando kabisa, na ainue mkono amsalimie dereva. Dereva asipogeuka, Ndeshi hapandi, hata kama ni la mwisho. Wiki iliyopita dereva mmoja kijana alishusha kioo akamuuliza, "Mama, kila siku unanipungia mkono. Tunafahamiana?"

"Hapana, mwanangu," Ndeshi akamwambia. "Nakusalimia tu."

Akapanda.